Kupona Baada ya Matatizo ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu ambao tayari wamefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito na mambo hayakwenda kama walivyotarajia, pamoja na ndugu wanaowauguza. Anayefikiria kufanyiwa upasuaji huo anaweza kuyasoma pia, ila akumbuke kwamba wagonjwa walio wengi hupona bila tatizo kubwa, na kwamba vifo katika mwezi wa kwanza ni vichache, takriban mtu mmoja hadi watatu kwa kila wagonjwa 1,000. Tunaposema slivu tuna maana ya upasuaji unaoondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Baipasi ni ule unaotenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kisha kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba.

Nitatofautishaje maumivu ya kawaida ya kupona na tatizo la kweli?

Tazama mwelekeo. Baada ya upasuaji ni kawaida kuwa na maumivu kwenye vidonda, kichefuchefu kidogo, uchovu, na hata maumivu ya mabega kwa siku chache kutokana na gesi iliyotumika kulijaza tumbo wakati wa upasuaji. Hayo yote hupungua siku hadi siku. Mgonjwa ambaye jana alitembea ukumbini na leo hawezi kuinuka, au ambaye maumivu yake yalikuwa yamefifia kisha yakarudi kwa nguvu, anapaswa kuchunguzwa hata kama hana homa.

Kipimo kimoja rahisi ambacho watu wengi hukidharau ni mapigo ya moyo. Mapigo yanayozidi 120 kwa dakika mgonjwa akiwa amepumzika ni miongoni mwa dalili za mapema kabisa za mshono unaovuja, na mara nyingi hutangulia maumivu makali. Kwa mtu mwenye uzito mkubwa tumbo linaweza kubaki laini likibonyezwa ilhali ndani kuna maambukizi, kwa hiyo daktari anayetegemea ugumu wa tumbo peke yake anaweza kupitwa na jambo. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazopunguza kasi ya moyo wamweleze daktari mapema, kwa sababu kwao mapigo yanaweza yasipande sana hata pale hali inapokuwa mbaya.

Ni dalili zipi zinazonitaka niende hospitali leo, bila kungoja siku ya kliniki?

Nenda mara moja ikiwa mapigo ya moyo yanakwenda mbio bila kutulia, una homa au baridi kali, pumzi zinakata, kifua kinauma, mguu mmoja umevimba na unauma, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, unaona kizunguzungu kila unaposimama, umeshindwa kuweka tumboni hata maji kwa saa 24, mkojo umekuwa mchache na wenye rangi nzito, au umeanza kuchanganyikiwa. Maumivu makali ya tumbo yaliyoanza ghafla hayana muda wa kungojwa, hata kama upasuaji ulifanyika miaka mitano iliyopita.

Wagonjwa wengi husita kwa sababu wanaona aibu: waliambiwa na jamaa wasifanye upasuaji, wakafanya, na sasa hawataki kuonekana wanalalamika. Aibu hiyo inaeleweka, lakini ndiyo inayogeuza tatizo la kutibika kwa siku chache kuwa la miezi.

Daktari amesema mshono wangu unavuja. Ina maana gani, na nini kitafuata?

Ina maana kuna tundu mahali mfuko wa chakula au utumbo uliposhonwa, na kwamba mate, chakula na majimaji ya tumbo yanatoka nje ya njia yake na kusababisha maambukizi ndani ya tumbo. Mara nyingi hugunduliwa katika siku kumi za kwanza, ingawa kwa slivu huweza kujitokeza baadaye, mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali. Katika slivu tundu hilo hutokea zaidi upande wa juu, karibu na mahali umio linapoingia kwenye mfuko wa chakula.

Matibabu yana kazi nne zinazokwenda pamoja. Usaha na uchafu uliokusanyika hutolewa kwa mpira unaopitishwa kwenye ngozi, mara nyingi kwa kuongozwa na kipimo cha CT skani au ultrasaundi. Maambukizi hudhibitiwa kwa dawa za kuua bakteria. Mwili hulishwa kwa njia isiyopita kwenye tundu. Mwisho, tundu lenyewe husaidiwa lizibe. Mgonjwa ambaye hali yake imeyumba, shinikizo la damu limeshuka na maambukizi yamesambaa, hurudishwa chumba cha upasuaji haraka ili tumbo lisafishwe. Yule aliye imara anaweza kutibiwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni. Kwa njia hiyo daktari huweza kuweka stenti, yaani mrija unaofunika tundu kwa majuma kadhaa, au vimirija vidogo vya plastiki vinavyoelekeza usaha ndani ya mfuko wa chakula, au sifongo inayonyonya uchafu ambayo hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Stenti husaidia, lakini ni vyema kujua mapema kwamba wengi huiona kama adha: huleta kichefuchefu, kiungulia na maumivu ya kifua, na wakati mwingine huteleza kutoka mahali pake. Ukihisi maumivu yamebadilika ghafla baada ya kuwekewa, usidhani ni uvumilivu unaotakiwa. Toa taarifa ili picha ipigwe.

Kwa nini uvujaji wa slivu huchukua muda mrefu hivyo kupona?

Mrija uliobaki baada ya slivu ni mwembamba na una shinikizo kubwa, kwa kuwa mlango wa chini wa mfuko wa chakula umeachwa ulivyokuwa na hufunguka kwa kiasi. Zaidi ya hayo, baadhi ya wagonjwa wana sehemu iliyobana au kujisokota katikati ya mrija huo. Kila wanapomeza mate, shinikizo husukuma majimaji yatokee kwenye tundu lililo juu, na kuziba tundu bila kushughulikia mbano ulio chini yake hakufui dafu. Ndiyo maana madaktari wengine hupanua ile sehemu iliyobana kwa puto maalumu kabla au wakati wa kutibu tundu.

Kwa hali hiyo, majuma sita mpaka miezi mitatu si muda wa ajabu, na wapo wanaochukua zaidi. Tundu ambalo limedumu zaidi ya majuma 12 huhesabiwa kuwa sugu, na hapo timu huanza kufikiria upasuaji mkubwa zaidi, kama vile kuunganisha utumbo na sehemu inayovuja au kuigeuza slivu kuwa baipasi. Upasuaji huo hupangwa mgonjwa akiwa amelishwa vizuri na maambukizi yametulia. Kuukimbilia mwili ukiwa dhaifu ni kutafuta tundu jingine.

Nimelishwa kwa mpira au kwa dripu kwa majuma. Nitarudije kula?

Pole pole, na kwa hatua zinazoamuliwa na picha, wala si kwa hamu ya kula. Kabla ya kuruhusiwa kunywa, kwa kawaida hupigwa picha ukimeza dawa inayoonekana kwenye eksirei au CT skani ili kuhakikisha hakuna kinachotoka nje. Baada ya hapo huanza maji na vinywaji vyepesi visivyo na sukari, kisha vyakula vya majimaji vyenye protini, kisha vilivyosagwa, halafu vilaini, na mwisho chakula cha kawaida. Mgonjwa ambaye hakupata tatizo hupita hatua hizi kwa muda wa majuma manne hadi manane. Wewe utakuwa na ratiba yako, na kujilinganisha na jirani wa wodini aliyepasuliwa siku moja na wewe hakutakupa taarifa yoyote ya maana.

Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku na angalau lita moja na nusu ya maji, kwa vijifunda. Baada ya tatizo kubwa mahitaji ya protini huweza kuwa juu zaidi, kwa sababu mwili umekuwa ukivunja misuli yake ili upambane na maambukizi na kuziba vidonda. Ikiwa hufikii kiasi hicho kwa mdomo, usione kurefushwa kwa muda wa mpira wa kulishia kuwa ni kurudi nyuma. Watu wengi hutoka hospitali na mpira ulioingizwa kwenye utumbo mwembamba na kujilisha nyumbani usiku.

Kuna hatari moja ambayo ndugu wa mgonjwa hawaifahamu. Mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu na moyo unaweza kuyumba. Kwa hiyo lishe huanzishwa kidogo kidogo na damu hupimwa mara kwa mara katika siku za mwanzo. Kumletea mgonjwa chakula kwa siri, hata kwa huruma, kunaweza kumdhuru.

Natapika karibu kila ninachokula. Je, ni kwa sababu nakula haraka?

Inawezekana. Kula haraka, kutafuna vibaya na kunywa maji katikati ya mlo hutapisha, na hilo ndilo la kwanza kurekebishwa. Lakini kutapika kunakozidi siku mbili au tatu mfululizo kusifanywe kuwa kosa la mgonjwa mpaka kipimo kimefanyika. Kati ya juma la tatu na mwezi wa tatu baada ya baipasi, kiungo kati ya kifuko na utumbo huweza kupungua upana kwa sababu ya kovu. Mgonjwa huanza kwa kushindwa vyakula vigumu, kisha vilaini, hatimaye hata maji. Hutibiwa kwa kamera na puto linalopanua mahali hapo, na wengi hupata nafuu baada ya kupanuliwa mara moja au chache. Kwenye slivu mbano hutokea katikati ya mrija na hutibiwa vivyo hivyo mwanzoni, lakini baadhi huishia kugeuzwa kuwa baipasi.

Jambo zito zaidi katika kutapika ni vitamini B1, iitwayo thiamini. Akiba yake mwilini hutosha majuma mawili hadi matatu tu. Mtu anayetapika kila siku na asiyemeza vitamini zake huweza kuimaliza kabla hata hajaonekana amekonda sana. Dalili zake ni macho kuona vitu viwili viwili au kuchezacheza, kuyumba wakati wa kutembea, kuchanganyikiwa na kupoteza kumbukumbu, pamoja na ganzi na udhaifu wa miguu. Ikicheleweshwa, madhara ya ubongo huweza kuwa ya kudumu, jambo la kusikitisha kwa sababu tiba yake ni sindano ya bei ndogo ikilinganishwa na gharama zote zilizotangulia.

Hapa kuna jambo ambalo mgonjwa au ndugu anapaswa kulisema kwa sauti katika chumba cha dharura: thiamini itolewe kwa mshipa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Sukari inayoingia mwilini hutumia kile kidogo cha thiamini kilichobaki, na huweza kuiangusha kabisa hali iliyokuwa ikining'inia. Daktari wa zamu ambaye hajazoea wagonjwa wa aina hii huenda asilifikirie jambo hili mara moja. Kumkumbusha kwa heshima si utovu wa adabu, na daktari hana haja ya kungoja majibu ya maabara ndipo aitoe.

Nimeambiwa nina kidonda kwenye kiungo cha baipasi. Kitapona?

Mara nyingi hupona kwa dawa, kwa sharti kwamba kilichokisababisha kinaondolewa. Visababishi vikubwa ni uvutaji wa sigara, dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini, na bakteria wa Helicobacter pylori. Ukiumwa kichwa au mgongo tumia parasetamoli, na kila mara unapoandikiwa dawa ya maumivu na mtu asiyekujua, taja kwamba una baipasi. Kama unatumia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe. Zungumza na daktari wako wa moyo na wa upasuaji kwa pamoja.

Tiba huwa ni dawa kali za kupunguza asidi, mfano omeprazoli, kwa miezi mitatu au zaidi, na mara nyingi huongezwa dawa ya maji inayofunika kidonda. Kapsuli za kupunguza asidi hufanya kazi vizuri zaidi kwa wagonjwa wa baipasi zikifunguliwa na chembechembe zake kumezwa, kwa kuwa chakula hupita haraka na kapsuli nzima huweza kusafiri mbali kabla haijayeyuka. Muulize mfamasia kabla ya kufungua dawa yoyote, kwani zipo ambazo hazifai kufunguliwa. Kamera hurudiwa baadaye kuthibitisha kwamba kidonda kimefunga. Anayeendelea kuvuta sigara asishangae kidonda kikirudi.

Baada ya kula natokwa jasho, moyo unadunda na kuhara. Hali nyingine hunijia saa mbili baada ya mlo. Je, ni ugonjwa mmoja?

Ni mambo mawili yenye asili moja. La kwanza hutokea ndani ya saa moja: chakula, hasa chenye sukari, huingia kwenye utumbo kwa ghafla, huvuta maji kutoka kwenye damu, na mtu hupata mchafuko wa tumbo, kuhara, jasho na moyo kudunda. La pili huja saa moja hadi tatu baada ya mlo, na kwa kawaida huanza zaidi ya mwaka mmoja baada ya baipasi. Sukari ilipanda haraka, mwili ukatoa insulini kupita kiasi, na sasa sukari imeshuka: mtu hutetemeka, huona giza na hata kuzimia.

Yote mawili hutulizwa kwanza kwa ulaji. Milo midogo yenye protini, kuepuka vinywaji vya sukari na juisi, na kuacha nusu saa kati ya kula na kunywa hutosha kwa wengi. Wanaoshuka sukari wapimwe kwa mashine wakati dalili zinapotokea, wasiendeshe gari hadi hali idhibitiwe, na wakishuka watumie sukari kidogo kisha waifuatishe na chakula chenye protini, kwa sababu sukari peke yake huanzisha mzunguko uleule upya. Zipo dawa kwa wale ambao ulaji haukuwatosheleza, ikiwemo akabosi, inayopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu.

Nilipona vizuri. Sasa ni mwaka wa pili na tumbo linanikaba linavyotaka. Je, linahusiana na upasuaji?

Chukulia kwamba linahusiana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Baipasi huacha nafasi kati ya mikunjo ya utumbo, na mtu anapopungua mafuta ya ndani nafasi hizo hupanuka. Utumbo huweza kupenya humo na kunaswa. Hii ndiyo ngiri ya ndani. Maumivu yake huja kwa vipindi, mara nyingi baada ya kula, na yakipita mtu hujiona mzima kabisa. Kwa sababu hiyo wengi hurudishwa nyumbani. CT skani huweza kuonekana safi ilhali ngiri ipo, na mpasuaji mzoefu anapokuwa na shaka ya kutosha huingiza kamera tumboni aangalie mwenyewe. Utumbo uliobanwa ukikosa damu huanza kufa ndani ya saa chache, kwa hiyo maumivu makali yasiyotulia ni dharura. Hatari hii ipo pia wakati wa ujauzito, tumbo la uzazi linaposukuma utumbo juu, na wakunga wasiojua historia ya mgonjwa huweza kuyachukulia maumivu hayo kuwa ya kawaida ya mimba.

Kisababishi kingine cha kawaida ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, ambayo hutengenezwa zaidi katika miezi sita ya kwanza wakati uzito unashuka kwa kasi. Maumivu yake huwa upande wa kulia chini ya mbavu na huweza kufika mgongoni. Baadhi ya hospitali hutoa asidi ya ursodeoksikoliki kwa miezi hiyo sita ili kuyazuia. Macho yakigeuka manjano au ukipata homa pamoja na maumivu hayo, usingoje.

Nilitoka hospitali na sindano za kuzuia damu kuganda. Niendelee nazo hadi lini?

Hadi siku iliyoandikwa, hata ukijiona mzima. Damu kuganda kwenye miguu na kusafiri hadi mapafuni ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo baada ya upasuaji huu, na sehemu kubwa ya matukio hayo hutokea mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani. Kwa kinga, sindano hutolewa kwa majuma mawili hadi manne. Kama damu ilikwisha kuganda, matibabu huenda miezi mitatu au zaidi. Baada ya slivu damu huweza pia kuganda kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na upungufu wa maji mwilini huchangia. Kutembea mara nyingi kwa siku na kunywa maji ni sehemu ya tiba hiyo.

Slivu imeniletea kiungulia kikali. Je, nitaishi nacho?

Si lazima. Kwanza hutafutwa mbano kwenye mrija au ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya mfuko wa chakula iliyopanda kifuani, kwa kamera. Dawa za kupunguza asidi huwasaidia wengi. Kiungulia kikidumu kwa miaka kinaweza kubadilisha utando wa umio, kwa hiyo kamera ya ufuatiliaji ina maana hata kwa aliyezoea. Pale dawa zinaposhindwa, slivu hugeuzwa kuwa baipasi, na kwa tatizo hili mabadiliko hayo huwa na matokeo mazuri.

Vitamini ni za muda gani, na ni vipimo gani nifuatilie?

Ni za maisha yote. Zinazohitajika ni vitamini mchanganyiko pamoja na thiamini, B12, folati, madini ya chuma, vitamini D na kalsiamu ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku kwa dozi zilizogawanywa. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja. Acha angalau saa mbili kati yake. Damu hupimwa miezi mitatu, sita na kumi na miwili baada ya upasuaji, kisha kila mwaka, na mara nyingi zaidi kwa aliyepata tatizo. Ganzi ya miguu, ulimi unaowaka, kuchoka kupita kiasi na kutoona vizuri gizani ni dalili za kupima sasa, wala si mwisho wa mwaka.

Nywele zangu zinakatika. Zitarudi?

Kwa wengi, ndiyo. Hukatika kuanzia mwezi wa tatu hivi kwa sababu ya mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa haraka, na hurudi kuota baada ya miezi kadhaa. Zikiendelea kukatika baada ya mwaka, pima chuma, zinki na protini.

Je, tatizo nililopata litaharibu matokeo ya uzito?

Tatizo lenyewe haliondoi kazi ya upasuaji. Linachovuruga ni maana ya mizani katika miezi ya mwanzo. Aliyekaa na mpira wa kulishia huweza kupungua haraka kuliko wenzake na kupongezwa na kila anayemwona, ilhali sehemu kubwa ya kilichopungua ni misuli. Kwa kipindi hicho nguvu ya mkono kushika kitu, uwezo wa kupanda ngazi na majibu ya damu vinaeleza zaidi kuliko kilo. Anza mazoezi ya kutembea mapema, na ya kuinua uzito pale mpasuaji anaporuhusu.

Nina huzuni, na wakati mwingine najuta. Ni kawaida?

Ni jambo linalotokea mara nyingi kwa watu waliokaa hospitali muda mrefu kwa ajili ya upasuaji ambao wao wenyewe waliuomba. Watu huwalaumu waziwazi kwa namna ambayo hawamlaumu aliyepasuliwa kidole tumbo. Uzito uliokithiri ni ugonjwa, na aliyetafuta tiba yake hakufanya kosa kwa sababu tu tiba ilikuwa na hatari. Hata hivyo, huzuni isipuuzwe. Hatari ya kujiua huongezeka kwa baadhi ya watu baada ya upasuaji huu, kwa hiyo anayewaza kujidhuru atafute msaada siku hiyohiyo, na ndugu wasimwache peke yake.

Pombe inahitaji tahadhari ya pekee. Baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu zaidi, na hatari ya uraibu huongezeka kuanzia mwaka wa pili, hata kwa watu ambao hapo awali hawakuwa na shida nayo. Dawa za usingizi na vidonge vya kutuliza maumivu vilivyobaki kutoka hospitali huweza kuleta shida hiyohiyo.

Lini ninaweza kubeba mimba?

Ushauri wa kawaida ni kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na aliyepata tatizo asubiri hadi uzito na vipimo vya damu vitulie. Vidonge vya uzazi wa mpango huweza kutofyonzwa vizuri baada ya baipasi au wakati wa kutapika, hivyo kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi. Ukipata mimba, mweleze mkunga kwamba kipimo cha kisukari cha kunywa glukosi kinaweza kukuangusha. Sukari hupimwa kwa njia nyingine.

Nilipasuliwa mbali na ninapoishi, na daktari wa hapa hajui nilifanyiwa nini. Nifanye nini?

Omba ripoti ya upasuaji kwa maandishi, ikitaja aina ya upasuaji, tarehe, na kama nafasi za utumbo zilishonwa. Ni haki yako, na inafaa kuombwa hata kama uhusiano na mpasuaji huyo umeharibika. Weka nakala yake kwenye simu. Andika pia karatasi fupi ya kubeba mfukoni: mpira wa puani usiingizwe bila kuona njia, kwa sababu unaweza kutoboa kifuko kidogo, dawa za jamii ya ibuprofeni haziruhusiwi, thiamini itangulie glukosi. Ikiwa ni dharura, hospitali iliyo karibu ndiyo ya kwanza. Mpasuaji wako wa mbali huombwa ushauri kwa simu ukiwa tayari kitandani.

Ninamuuguza ndugu yangu nyumbani akiwa na mpira wa kutolea uchafu. Niangalie nini?

Kila asubuhi na jioni andika kwenye daftari mapigo ya moyo, joto la mwili, kiasi alichokunywa, mkojo, na kiasi cha majimaji kwenye mfuko pamoja na rangi yake. Majimaji yaliyokuwa mepesi yakigeuka mazito, yakawa na harufu, damu au rangi ya kile alichokunywa, piga simu hospitali. Mfuko ulioacha ghafla kupokea chochote nao ni wa kutolewa taarifa, kwa kuwa huenda mpira umeziba na usaha unajikusanya ndani. Usiusukume mpira uliotoka, wala kuuvuta ulionasa. Funika mahali hapo kwa bandeji safi na umpeleke na daftari lake.